Chanda Chema na Pete Iliyovishwa kwa Pupa

Katika jumba moja lililo ukingoni mwa Ghuba ya Manila kuna meza ya kulia chakula iliyotandikwa vipande 40,000 vya vifuu vya nazi. Kila kipande kimekatwa, kimepigwa msasa na kugandishwa kando ya mwenzake hadi uso mzima wa meza ukawa bapa na laini. Anayeiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mbwembwe za wakubwa waliotaka kuonyesha kwamba wana mafundi wengi na muda wa kuchezea. Aliyewahi kushika kifuu mkononi anajua sababu nyingine. Kifuu kimepinda pande zote, hakina mahali palipo bapa. Ukikata kipande kikubwa, kinabaki na tumbo, na ukikilaza juu ya ubao kinayumba. Ukikata kidogo, tumbo linapungua mpaka msasa unaweza kulimaliza. Udogo wa vipande, basi, ulitokana na umbo la nazi yenyewe, na wingi wake ukafuata. Rangi nazo hazikupakwa: kifuu cha nazi changa kina weupe, kilichokomaa kimekolea hudhurungi, na fundi mwenye subira huvichambua kwanza kwa rangi ndipo aanze kuvipanga.

Jumba hilo linaitwa Tahanang Pilipino, ingawa wengi wamelizoea kwa jina la Kasri la Nazi. Msanifu wake alikuwa Francisco Mañosa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bobby, mzaliwa wa Manila wa tarehe 12 Februari 1931. Mwaka 2009 rais wa Ufilipino alimtangaza kuwa Msanii wa Taifa, heshima ya juu kabisa ambayo nchi hiyo humpa mtu wa sanaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaifuta. Mwaka 2018 akaipata tena, safari hii chini ya rais mwingine, na mwaka uliofuata akafariki dunia.

Waswahili tunasema chanda chema huvikwa pete. Huyu alivikwa, akavuliwa mbele ya watu, kisha akavikwa upya. Kelele za pete zilikuwa kubwa kiasi kwamba wengi waliozipiga hawakupata nafasi ya kukitazama chanda. Makala hii inataka kukitazama. Jibu la swali la kama Mañosa alistahili limo ndani ya mbao, madirisha na mapaa aliyoyaacha, na kazi ya aina hiyo haisomwi kwa haraka.

Alizaliwa katika nyumba ambamo ujenzi ulikuwa mazungumzo ya kila siku. Baba yake alikuwa mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, na ndugu zake Manuel na Jose nao walikuwa wasanifu majengo. Alihitimu Chuo Kikuu cha Santo Tomas mwaka 1953. Manila ya wakati huo ilikuwa inajijenga upya. Vita vya mwanzoni mwa 1945 vilikuwa vimeuteketeza mji, na uhuru kutoka Marekani ulikuja mwaka uliofuata. Kilichoinuka juu ya vifusi kilikuwa zege na vioo, kwa michoro ambayo ingeweza kujengwa Chicago au São Paulo bila kubadilishwa mstari. Nyumba ya mianzi na makuti ilikuwa ishara ya ufukara, kitu cha kuachwa nyuma. Kijana aliyetaka kuitwa msanifu wa kisasa hakuwa na sababu ya kuigeukia.

Mañosa aliigeukia. Alichokiona katika kubo, yaani kibanda cha mkulima wa nchi yake, ni akili iliyokusanywa na vizazi. Kubo husimama juu ya nguzo. Sakafu yake ni mianzi iliyopasuliwa na kulazwa kwa kuacha nafasi kati ya fito na fito, hivyo upepo unapanda kutoka chini, na maji ya kudekia yanashuka yenyewe. Kuta zake zimesukwa kwa mianzi, zinapumua. Paa lake limeezekwa kwa majani ya nipa, mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye matope ya mikoko, na lina mteremko mkali. Mvua ya masika haipati pa kutua, na hewa moto inapanda hadi kileleni, mbali na vichwa vya watu. Upenu unatoka nje sana, kwa hiyo dirisha linaweza kubaki wazi hata mvua inaponyesha. Kibao cha dirisha kinasukumwa kutoka chini na kuegemezwa kwa kijiti. Chini ya sakafu wanakaa kuku, kuni na zana za shamba.

Ni nyumba inayojua mahali ilipo. Ufilipino ni nchi ya joto lenye unyevu, na kila mwaka takriban vimbunga 20 huingia katika eneo lake. Kibanda hiki hakishindani na kimbunga. Kikivuliwa paa, majirani huliezeka upya kwa siku chache kwa majani yaliyo karibu. Kila kiungo chake kina kazi mbili au tatu.

Kukisifu kibanda hakumgharimu mtu kitu, na washairi wa kila nchi wamekwisha kuifanya kazi hiyo. Ugumu unaanza pale mtu anapotaka mantiki ya kibanda ibebe jengo la maelfu ya watu. Makuti yanashika moto. Mwanzi unaliwa na wadudu usipotibiwa, na hakuna mianzi miwili yenye unene sawa, kwa hiyo kila kiungio kinadai kipimo chake. Paa la nyumba ya familia linabebwa na fito zinazofungwa kwa kamba, lakini paa la ukumbi linahitaji kenchi zilizopigiwa hesabu. Wengi waliojaribu kazi hii waliishia kujenga jengo la zege la kawaida na kulipachika urembo wa kienyeji mlangoni. Mañosa alitumia zaidi ya miaka 50 kutafuta njia nyingine.

Kasri la Nazi ndilo jaribio lake linalojulikana kuliko yote. Lilianza kujengwa mwaka 1978 kwa agizo la Imelda Marcos, mke wa rais wa wakati huo, katika eneo la Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, juu ya ardhi iliyofukiwa kutoka baharini. Mpango wake una pande nane, na paa lake linafuata umbo la salakot, ile kofia pana ya mkulima wa mpunga. Vyumba vya juu vimepewa majina ya mikoa ya nchi, na kila kimoja kimepambwa kwa kazi za mikono za mkoa wake. Kuna taa ya kuning'inia iliyotengenezwa kwa vifuu 101. Sehemu kubwa ya jumba zima imetoka katika mti mmoja: shina lake, kifuu chake, nyuzi za kumbi lake.

Msomaji wa Pemba, Mafia au Kilifi hahitaji kuelezwa mnazi. Anajua makuti, anajua usumba, anajua kwamba hakuna sehemu ya mti huo inayotupwa. Anajua pia kwamba shina ndilo sehemu ambayo seremala huikimbia, na hapo ndipo ufundi wa Mañosa na watu wake unapostahili kutazamwa kwa utulivu.

Mnazi si mti kwa maana ambayo seremala ameizoea. Hauna miduara ya umri, hauna matawi, na kwa hiyo hauna vifundo. Haunenepi mwaka hadi mwaka kama mvule au mninga. Ugumu wake uko nje, na ndani ni laini. Ukikata gogo kwa upana utaona ukingo mweusi uliojaa nyuzi zilizoshikamana, kisha katikati iliyopauka, yenye maji, ambayo ukucha unaweza kuingia. Tena ugumu unapungua kadiri unavyopanda: sehemu ya chini ya shina ni nzito, ya juu ni nyepesi. Ina maana kwamba mnazi mmoja unatoa mbao za namna nyingi, na mpasuaji asiyezitenganisha atamuuzia mwenye nyumba nguzo na sponji katika fungu moja. Huu ndio mkosi uliowafanya wengi waamini kwamba mbao za mnazi hazifai. Kilichokosekana kilikuwa uchambuzi.

Kuna pia suala la msumeno. Ukingo ule mgumu unalemaza meno ya chuma cha kawaida haraka sana, na kupasua gogo la mnazi kwa wingi kunahitaji meno yaliyotiwa metali ngumu zaidi. Baada ya kupasua, mbao zinataka kukaushwa upesi, maana maji na sukari zilizomo huvutia ukungu. Baada ya kukausha, randa inapaswa kufuata nyuzi, la sivyo nyuzi zinanyanyuka na kuacha uso wa miba. Anayevumilia hatua zote hizi anapata mbao yenye vidoa vya hudhurungi iliyokolea juu ya rangi ya asali, sura ambayo mbao za kawaida hazina.

Miaka ya 1970 Ufilipino ilikuwa na mamilioni ya minazi iliyozeeka, ambayo kuzaa kwake kumepungua. Mkulima aliyetaka kupanda upya alikuwa na magogo ambayo hakujua pa kuyapeleka. Watafiti wa nchi hiyo walikuwa wakitafuta matumizi ya mbao hizo, na jumba la Mañosa likawa ushahidi uliojengwa. Lilithibitisha kwamba shina la mnazi linaweza kuwa nguzo, sakafu, mlango na samani, na kwamba linaweza kusimama katika nyumba ya kupokelea wageni wa taifa. Kwa mwenye shamba la minazi hilo lilikuwa jambo la uchumi kabla ya kuwa jambo la sanaa.

Lakini kama Mañosa angeishia kwenye mnazi, mjadala wa kustahili kwake ungekuwa mgumu zaidi. Jengo linalomaliza ubishi, kwa maoni yangu, ni lile ambalo halina kuti hata moja. Ni makao makuu ya kampuni ya San Miguel huko Mandaluyong, ndani ya Manila Kuu, aliyoyasanifu pamoja na ndugu zake na kukamilika mwaka 1984. Ni jengo la zege na vioo, la ofisi, la mamia ya wafanyakazi. Ghorofa zake zinarudi nyuma ngazi kwa ngazi kadiri zinavyopanda, kama yalivyo matuta ya mpunga ya milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, na kila ngazi imepandwa mimea. Bustani zake zilipangwa na Ildefonso Santos, ambaye naye baadaye, mwaka 2006, alitangazwa Msanii wa Taifa.

Tazama madirisha. Vioo vimeinamishwa na kukingwa ili jua la mchana liangukie kwenye kingo na mimea kabla ya kufika ndani. Mwanga unaingia, joto linazuiwa mlangoni. Kiyoyozi kinapumzika. Leo kila kampuni inajigamba kwa majengo yanayookoa nishati, lakini mwaka 1984 mtindo wa miji ya tropiki ulikuwa sanduku la kioo lililofungwa pande zote, likipozwa kwa umeme usiku na mchana. Hapa Mañosa na nduguze walichukua upenu wa kubo, wakauzidisha kwa idadi ya ghorofa, wakaujenga kwa zege. Hakuna aliyelazimika kuvaa salakot ili jengo lionekane la Kifilipino. Liko hivyo kwa sababu linajibu jua na mvua za Ufilipino.

Ukishaliona hilo, unaanza kuiona mantiki ileile kwingine. Reli ya abiria inayopita juu ya barabara za Manila, iliyoanza kufanya kazi mwishoni mwa 1984, ina vituo vyenye mapaa ya mteremko mkali yaliyotokana na kibanda cha kijijini. Maelfu kwa maelfu ya watu husimama chini yake kila siku bila kuuliza nani aliyachora. Huko Las Piñas alijenga kanisa la parokia lililo wazi kwa upepo, lenye vifaa vya asili, ambamo waumini wanasali wakiwa na bustani pembeni. Hekalu la EDSA, lililokamilika mwaka 1989 kwenye njia panda ambako umati wa raia ulisimama mbele ya vifaru mwaka 1986, ni kazi yake pia. Na katika kisiwa cha Pamalican mwaka 1993 ilifunguliwa hoteli ya Amanpulo, ambayo nyumba zake za wageni zimefuata kubo kwa unyenyekevu wa umbo, ingawa si kwa bei.

Sasa turudi kwenye pete.

Tuzo ya Msanii wa Taifa iliundwa mwaka 1972, na wa kwanza kuipata alikuwa mchoraji Fernando Amorsolo. Mwenye heshima hiyo hupewa nishani, posho ya kila mwezi, na akifa huzikwa kwa heshima za kitaifa. Njia ya kuipata ni ndefu kwa makusudi. Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa, kwa kushirikiana na Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, hupokea mapendekezo na kuyapitisha katika majopo ya wataalamu. Mwaka 2009 walianza na majina 87. Jopo la kwanza likayapunguza hadi 32, la pili hadi 13. Jopo la mwisho, lililowajumuisha wasanii wa taifa walio hai, likapiga kura na kubaki na majina manne: Manuel Conde wa filamu, aliyepata kura 26, Ramon Santos wa muziki, 19, Lazaro Francisco wa fasihi na Federico Aguilar Alcuaz wa uchoraji, 15 kila mmoja.

Orodha iliyotoka Ikulu haikuwa ile iliyoingia. Rais Gloria Macapagal Arroyo aliliacha jina la Santos na kuongeza manne ambayo hayakutoka kwenye kura hiyo: Carlo J. Caparas, mwandishi wa hadithi za katuni na mwongozaji wa filamu. Cecile Guidote-Alvarez wa tamthilia, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Tume yenyewe. Pitoy Moreno, mbunifu wa mavazi. Na Mañosa wa usanifu majengo.

Wasanii walikasirika, na walikuwa na haki. Agosti mwaka huo waliandamana na kuifanyia tuzo mazishi ya kejeli. Mshairi Virgilio Almario, yeye mwenyewe Msanii wa Taifa, alikuwa wa kwanza katika orodha ya waliofungua kesi, na Bienvenido Lumbera alikuwa miongoni mwao. Mahakama ya Juu ilisimamisha utoaji wa heshima hizo mwezi huohuo. Tarehe 16 Julai 2013 ilitoa hukumu: rais alivuka mipaka. Uhuru wake wa kuchagua unaishia ndani ya majina aliyopelekewa na vyombo viwili vya utamaduni, na kuwaongeza watu wanne kutoka pembeni kuliwapendelea dhidi ya wengine wote waliopita kwenye chujio. Matangazo manne yakafutwa.

Hukumu hiyo ni nzuri, na inafaa kusomwa na kila nchi inayotoa nishani. Serikali ikiruhusiwa kuongeza jina moja kwa hisani, majina yote yaliyotangulia yanapungua thamani, likiwemo la yule aliyestahili. Lakini madhara ya njia ya mkato yalimwangukia kwa namna ya pekee mtu ambaye kazi yake ingeweza kupita kwenye njia ndefu. Hasira za umma zilikuwa kali zaidi dhidi ya Caparas na Guidote-Alvarez, lakini wanne walifungwa katika tita moja. Jina la Mañosa likawa sehemu ya msemo wa kisiasa, na ubishi juu ya mapaa yake ukageuka ubishi juu ya rais aliyempenda.

Wapo waliompinga kwa hoja za kazi yenyewe, na hizo zinadai kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni Imelda. Kasri la Nazi lilijengwa wakati nchi iko chini ya utawala wa kiimla, kwa fedha nyingi, huku vitongoji vya mabati vikitapakaa pembezoni mwa mji. Inasimuliwa sana kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Ufilipino mwaka 1981 alikataa kulala humo, kwa kuwa ni anasa isiyoelekea mbele ya umaskini wa watu. Doa hili halifutiki, na wapenzi wa Mañosa wanakosea wanapolipita kimyakimya. Hata hivyo, tukilitumia kama kipimo, inabidi tulitumie kwa haki. Hatua chache kutoka hapo umesimama ukumbi mkuu wa Kituo cha Utamaduni, uliofunguliwa mwaka 1969, kazi ya Leandro Locsin, nao ni mradi wa Imelda. Locsin alitangazwa Msanii wa Taifa mwaka 1990, wakati rais alikuwa Corazon Aquino, aliyeingia madarakani baada ya mume wa Imelda kung'olewa. Waamuzi wa wakati huo waliweza kumtenganisha fundi na aliyemlipa. Mañosa anadai kipimo kilekile. Na yule Papa aliyelikwepa kasri, aliporudi Manila mwaka 1995 kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani, aliadhimisha misa kwenye altare iliyosanifiwa na Mañosa.

Hoja ya pili ni kwamba alikichukua kibanda cha maskini akakiuza kwa matajiri. Watu wa pwani yetu wanaujua mgogoro huu kwa macho yao: mwenye nyumba kijijini anaweka akiba anunue bati, na hoteli ya ufukweni inaezeka makuti ili mgeni alipie zaidi. Amanpulo iko katika mgogoro huohuo. Jibu lake ni nusu tu. Vituo vya reli na kanisa la Las Piñas vinaonyesha kwamba hakuwajengea matajiri peke yao, lakini ni kweli kwamba kazi zake zilizopigwa picha zaidi zina milango ambayo Mfilipino wa kawaida haingii. Alipoirudishia heshima mianzi na makuti, heshima hiyo ilianzia juu, na haikushuka kwa upesi ambao angependa.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote kwa mtu anayependa ufundi: kwamba alipenda mno maumbo yanayotambulika papo hapo. Paa lenye sura ya kofia linamwambia mtazamaji jambo moja, linamwambia kwa sauti kubwa, na halina la kuongeza siku ya pili. Hapa nakubaliana na wakosoaji. Salakot la Kasri la Nazi ni sehemu dhaifu ya jengo ambalo nguvu yake iko chini ya paa hilo, kwenye viungio vya mbao na meza ya vifuu. Ukiliweka kando ya jengo la San Miguel unaona tofauti kati ya msanifu anayeonyesha utamaduni na msanifu anayefikiri kwa utamaduni. Mañosa alikuwa wote wawili. Heshima ya taifa haimtaki msanii asiye na kasoro. Inataka mtu ambaye baada yake wenzake hawawezi kufanya kazi kana kwamba hakupita.

Na kwa kipimo hicho alipita. Kabla yake, mwanafunzi wa usanifu Manila aliyechora jengo la umma kwa mwanzi au mbao za mnazi angeulizwa kama anafanya mzaha. Baada yake swali lilibadilika: angeulizwa ametibu vipi mwanzi, amepasua wapi shina, upenu wake una upana gani. Swali likishakuwa la kiufundi, ubishi juu ya hadhi umekwisha.

Njia ndefu hatimaye ilipitiwa. Mwaka 2018 jina la Mañosa lilipelekwa Ikulu na vyombo vilevile viwili, kwa utaratibu ambao Mahakama iliulinda. Mwenyekiti wa Tume wakati huo alikuwa Virgilio Almario, yuleyule ambaye jina lake linaongoza kesi iliyomvua Mañosa nishani ya kwanza. Sijui ushahidi mwingine ulio mkubwa zaidi ya huo kwamba ugomvi wa 2009 haukuwa na chuki dhidi ya fundi. Waliokataa kumwona akivikwa pete kwa mlango wa nyuma ndio walioongoza chombo kilichomfungulia mlango wa mbele. Tarehe 24 Oktoba 2018 alikabidhiwa heshima hiyo na Rais Rodrigo Duterte katika Ikulu ya Malacañang, akiwa na umri wa miaka 87. Alifariki tarehe 20 Februari 2019, kabla miezi minne haijatimia.

Miaka tisa ilipotea kati ya pete ya kwanza na ya pili, na aliyeipoteza ni serikali iliyokuwa na pupa. Nishani ya 2009 ilistahili kufutwa, na Mañosa alistahili nishani. Kauli hizi mbili hazigombani, na nchi inayojiheshimu inapaswa kuweza kuzitamka zote kwa pumzi moja. Kwa wenye mamlaka ya kutoa tuzo, kwetu na kwingineko, somo ni dogo na linatekelezeka: mkimpenda fundi, acheni kazi yake ipite mikononi mwa mafundi wenzake. Ikiwa njema, itafika.